Mtoto Aliyeandikwa Mara Mbili

Lempi Kangas hakuwa mtu wa kubembeleza. Miaka thelathini na mmoja alikaa kwenye chumba cha mishahara cha shule za Saari, mji wetu wa migodi ya chuma kaskazini mwa Marekani, chumba chenye dirisha moja linalotazama karakana ya mabasi, na katika miaka yote hiyo hakuna mwalimu, dereva wala mpishi aliyetoka humo ameambiwa neno tamu. Utaambiwa, "Umekosea hapa, rudia." Utaambiwa, "Kalamu nyeusi nimesema, hiyo ni nyeusi?" Basi. Lakini mshahara haukuwahi kuchelewa hata siku moja, hata ule mwaka wa tufani ya theluji ambapo barabara zilifungwa siku tatu naye akavaa mbao zake za kutelezea, akaja nazo ofisini kilomita sita, akafungua mlango, akawasha mashine, akalipa watu. Sisi wa Saari tulimwogopa na tulimpenda, na ukiniuliza kipi kilizidi nitakudanganya tu.

Alikuwa na jambo moja la huruma, na hilo nalo alilifanya kwa uso wa kukunja. Ukipata mtoto, ilikufikia bahasha ya kaki kutoka kwa Lempi. Ndani mna kofia ya sufu aliyofuma mwenyewe, fomu mpya ya makato ya kodi, na kijikaratasi chenye mistari miwili kwa mwandiko wake: "Mzazi mmoja tu amwandike mtoto. Kama wote mnafanya kazi, wekeni alama kwenye kisanduku cha kazi mbili." Hakuna hongera, hakuna sahihi. Mkuu wake alimkanya mara nyingi kwamba kazi ya ofisi ni kupokea fomu, si kuwafundisha watu kuzijaza. Lempi alimjibu kwamba yeye hafundishi, yeye anafuma.

Na kile kijikaratasi kilikuwa na kazi kuliko kofia. Huku kwetu kodi ya mapato haidaiwi mkononi, hukatwa kwenye kila mshahara, na kiasi cha kukatwa kinatokana na ulichoandika mwenyewe kwenye fomu. Mtoto ana nafuu yake ya dola elfu mbili kwa mwaka, kwa hiyo ukimwandika, makato yanapungua. Serikali haibishi. Inakuamini, inanyamaza, inangoja Aprili, halafu inafungua hesabu. Ikikuta umekatwa pungufu utalipa pengo, na pengo likiwa kubwa utalipa na faini juu yake. Wazazi wapya hawalijui hilo. Hawajalala, wananuka maziwa, wanaona mshahara umeongezeka wanadhani ni pongezi.

Ijumaa ya tarehe mosi Desemba, Lempi akiwa amebakiza mwezi mmoja kustaafu, aliingia Cody Grahek, fundi wa mabasi, kijana wa miaka ishirini na tisa mwenye mafuta ya mashine mpaka kwenye nyusi. Alikuja kusaini saa zake za ziada. Lempi alikuwa anabandika majina kwenye majalada ili atakayemrithi asipotee.

"Mama Lempi," Cody alisema, "kabla hujatukimbia nikushukuru. Tangu Eino azaliwe mshahara wangu umenona."

"Umenona vipi?"

"Umenona tu. Na wa Marit ndio usiseme. Kule zahanati siku hizi hawamkati kodi ya serikali hata senti."

Lempi aliweka chini karatasi ya gundi. "Keti."

"Nina basi juu ya jeki, mama."

"Basi halina pa kwenda. Keti."

Alivuta jalada lake. Fomu ilikuwa humo, ya mwezi Machi, mwandiko umepinda kama wa mtu aliyeandikia gotini. Sehemu ya mtoto imejazwa elfu mbili. Kisanduku cha kazi mbili kitupu. Chini yake muhuri wa kupokelewa, na herufi za Lempi mwenyewe. Aliuangalia muhuri ule mpaka Cody akaanza kujikuna.

Alikuwa anaikumbuka siku ile. Eino alizaliwa tarehe kumi Machi, wiki kumi na moja kabla ya siku zake, njiti wa kilo moja na robo, akapelekwa kwa helikopta hospitali kubwa ya Duluth. Lempi alifuma kofia jioni moja, kofia ya kutosha chungwa, na asubuhi akaisukumiza kwenye bahasha pamoja na fomu, akampa dereva aliyekuwa anashuka Duluth. Alikuwa na haraka. Alikuwa, tuseme ukweli, anaogopa kofia isije ikamkuta mwenyewe hayupo. Na katika haraka ile, kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na mmoja, alisahau kuweka kijikaratasi.

"Mna watoto wangapi?" alimuuliza Cody.

"Mama, unamjua. Mmoja. Na huyo mmoja ametutoa kijasho chembamba."

"Basi mmemwandika kama pacha. Wewe umemwandika huku, Marit kamwandika kule, serikali imewapunguzia kote kote. Halafu hamkuweka alama ya kazi mbili, kwa hiyo kila mwajiri anadhani mshahara wake ndio pekee unaoingia kwenu. Nipigie Marit, mwambie akutumie picha ya slipu yake ya mshahara."

Slipu ilikuja. Lempi alichukua mashine yake ya kujumlisha, ile ya karatasi ndefu ambayo vijana huicheka, akabonyeza. Alibonyeza tena kutoka juu. Cody aliikodolea macho ile karatasi ikitoka.

"Elfu nne na mia moja," alisema Lempi. "Ndiyo mtakayodaiwa Aprili. Na faini juu yake, mia na hamsini hivi."

"Faini ya nini tena? Mimi nimeiba?"

"Ya kulipa pungufu. Serikali inataka ilishwe kidogo kidogo mwaka mzima, kama mwanao. Ukiinyima miezi tisa halafu ukaja na sufuria nzima Aprili, inanuna."

Cody hakucheka. Alivua kofia yake, akaishika magotini. "Tunazo elfu nne," alisema polepole. "Ziko chama cha akiba. Nitaandika hundi leo hii niitume, yaishe. Ila usimwambie Marit, mama. Tafadhali."

"Hizo elfu nne ni za nini?"

Akamweleza. Daktari wa Duluth alisema mapafu ya Eino bado machanga, baridi hii ya kwanza asiwekwe kwenye chumba chenye watoto wengi, maana kikohozi ambacho mtoto mwingine anakimaliza kwa siku tatu huyu kitamrudisha hospitali. Mama yake Cody alikuwa anamlea siku tatu za wiki. Siku mbili alikuwa anakaa na shangazi yake Marit, lakini shangazi naye ni kama wazee wetu wote wenye uwezo, Krismasi ikipita anakimbilia Arizona kuota jua. Kwa hiyo kuanzia Januari Marit angefanya kazi siku tatu tu, Jumanne na Alhamisi akae na mwanawe mpaka theluji iyeyuke. Elfu nne zilikuwa za kuziba mshahara atakaoupoteza. Waliziweka akiba tangu Agosti, ishirini ishirini, hamsini hamsini. Bila hizo, Marit atafanya kazi siku tano na Eino atapelekwa kwenye ile nyumba ya kulelea watoto yenye vikohozi kumi na viwili.

"Usiandike hundi," Lempi alisema.

"Deni dawa yake kulipa, mama."

"Nyamaza nikufundishe kulipa. Ukituma hundi leo, inahesabiwa imelipwa leo. Miezi ya nyuma inabaki na pengo, na sehemu kubwa ya faini inabaki palepale. Lakini kinachokatwa kwenye mshahara, hicho wanakihesabu kana kwamba kilikatwa sawasawa tangu Januari. Hata kikikatwa Desemba."

"Hata Desemba?"

"Hata siku ya mwisho ya Desemba."

Cody alimtazama kwa wasiwasi wa mtu aliyeuziwa gari bovu mara moja. "Tangu lini serikali ikawa na roho nzuri hivyo?"

"Si roho nzuri, ni uvivu wa kuhesabu. Ukikuta mlango wazi unapita, huulizi nani kauacha. Sasa sikiliza. Mishahara ya zahanati ya Marit inatengenezwa huko mjini mbali, fomu mpya wanaweza kukaa nayo siku thelathini, Desemba itakuwa imekwisha. Kwa hiyo ni wewe. Mishahara yako miwili ya mwezi huu nikukate elfu moja na mia sita kila mmoja. Aprili utadaiwa mia tisa. Na anayedaiwa chini ya elfu moja hatozwi faini."

"Na mimi kila mshahara nitabaki na ngapi?"

Lempi alibonyeza. "Arobaini na moja."

"Elfu?"

"Dola."

Hapo sasa Cody alicheka, kile kicheko cha mtu aliyekosa la kufanya. Mshahara wa Marit ulikuwa unaishia kwenye mkopo wa nyumba, gari na dawa. Chakula chao, kuni zao, petroli yao, vyote vilitoka kwa Cody. "Mama, mwezi mzima tutakula nini? Tukila ile akiba itakuwa ni yale yale."

"Hilo niachie. Jaza fomu."

Aliijaza. Lempi alikuwa na neno kooni. Alitaka kumwambia, kosa ni langu, mimi ndiye niliyesahau kijikaratasi. Alifungua kinywa.

"Unasemaje, mama?"

"Kalamu nyeusi," alisema Lempi.

Jumamosi yake alikwenda kanisani, kwenye jiko la chini, ambako Hildur Tamminen alikuwa anamenya viazi. Hildur ana miaka themanini na mmoja na jiko lile ni lake, mchungaji mwenyewe akitaka kikombe anaomba. Huku kwetu mtoto akizaliwa kina mama huandika orodha ya siku thelathini, kila nyumba na siku yake, na kila jioni bakuli la moto linafika kwa mzazi. Ni hivyo tangu mababu walipokuja kuchimba chuma. Lempi alifungua kabati la vikombe. Nyuma ya mlango, orodha ya Machi ilikuwa bado imebanwa, majina thelathini, juu yake "Eino Grahek," na hakuna hata jina moja lililokatwa. Wazazi walikuwa Duluth wiki tisa. Waliporudi daktari alikataza wageni, Marit akafunga mlango, nasi tukaona aibu ya kugonga. Orodha ikasahaulika.

"Hildur," alisema Lempi, "tunadaiwa na mtoto."

Hildur alikuja na kisu chake, akasoma. Alisoma jina lake mwenyewe, la nne kutoka juu. "Ee Mungu wangu," alisema. "Mimi nilinunua na jibini. Nikaila mwenyewe."

"Nataka zianze tarehe kumi na tano."

"Mtoto ana miezi tisa, mwenzangu. Watu watauliza kulikoni."

"Waambie tumechelewa."

Hildur alimtazama Lempi usoni. Wamejuana miaka hamsini na zaidi. Aliona kuna jambo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuuliza, akafuta kisu kwenye aproni akaenda kwenye simu. Kufika adhuhuri majina ishirini na sita yalikuwa yamethibitisha. Wawili walikuwa wamekufa tangu Machi, na nafasi zao zilichukuliwa na watoto wao. Mmoja alikuwa amegombana na mchungaji akahama kanisa, lakini alisema kupika atapika. Mwingine alikuwa Arizona tayari, alituma kadi ya kununulia petroli.

Kazi ngumu ilikuwa Marit. Watu wa migodini tunajua kutoa, kupokea ndiko kunatuua. Tarehe kumi na tano jioni Lempi alipanda ngazi za nyumba ya Grahek na bakuli la viazi na nyama ya kusaga alilolifunga kwa taulo, na Marit akafungua mlango nusu. Ni mwembamba, mrefu, na usingizi ulikuwa unamdai siku nyingi. Cody alikuwa amekwisha kumwambia yote, maana Cody hawezi kuficha hata zawadi ya Krismasi.

"Mama Lempi, asante," Marit alisema, "lakini hatuombi."

"Najua."

"Tulikosea kujaza karatasi, basi. Tutakula mkate na siagi. Kuna watu wana shida kutuzidi."

"Wapo. Nao nitakwenda kwao siku nyingine. Hili bakuli ni la mwezi Machi."

Akamkabidhi ile orodha. Marit aliishika chini ya taa ya barazani, theluji ikimwangukia begani. Alisoma tarehe. Alisoma jina la mwanawe juu, kwa mwandiko wa Hildur, lililoandikwa siku moja baada ya kuzaliwa. Alisoma majina yote thelathini, na Lempi akasimama na bakuli lake mpaka vidole vikaanza kuungua kupitia taulo.

"Hii iliandikwa wakati ule?" Marit aliuliza.

"Wakati uleule. Chakula ndicho kimechelewa. Wahenga walisema kawia ufike, sasa tumefika, na bakuli ni la moto, mwanangu. Utanipisha au nilimwage hapa?"

Marit alimpisha. Alipokea bakuli, akaliweka mezani, akageukia ukutani, akalia kwa sauti ya chini, mkono mmoja umeshika ukingo wa jiko. Lempi hakujua la kufanya na mtu anayelia. Alitafuta vijiko kwenye droo akapanga meza.

Basi Desemba ile ikaenda. Ilikuja mikate ya kukunja ya njugu, ilikuja pai za nyama na viazi, ilikuja supu ya mbaazi. Siku nne mfululizo lilikuja bakuli lilelile la tambi na samaki wa kopo, kutoka nyumba nne ambazo kila moja inaapa kwamba yake ndiyo ya asili. Mzee mmoja alikuja na paja la paa aliyempiga mwenyewe mwezi Novemba. Mtu fulani, na mpaka leo hajajitaja, alirundika kuni mpaka dirishani. Cody alikuja ofisini akalalamika.

"Mama, mtoto hana meno na mimi sasa sina shingo. Waambie wapunguze jibini."

"Waambie mwenyewe. Anza na Hildur."

"Hapana. Bora faini."

Tarehe ishirini na tisa, siku ya mwisho ya kazi ya Lempi, walimu walimletea keki na kumwimbia, naye akawaambia waende nyumbani. Alibaki peke yake na mishahara ya mwisho. Alipofika kwa Grahek, Cody, alisimama. Mshahara mzima ulikuwa umekwenda kwenye makato, chini kabisa ikabaki arobaini na moja na senti kadhaa. Katika kazi yake yote alikuwa amelipa watu wengi fedha nyingi, na hakuna malipo yaliyowahi kumfurahisha kama hayo ya dola arobaini na moja. Alijiona mjinga. Alifunga mashine, akavaa koti, akamwachia mrithi wake ufunguo na maelezo ya kurasa kumi na moja.

Zile elfu nne hazikuguswa Desemba. Januari, Jumanne ya kwanza, Marit alibaki nyumbani na mwanawe. Alibaki Alhamisi. Alibaki Jumanne na Alhamisi zote za majira yale ya baridi, na tulikuwa na baridi ya kupasua mabomba. Nyumba ile ya kulelea watoto ilifungwa mara mbili kwa vikohozi. Eino alipata mafua mara moja, Februari, akapiga chafya siku mbili akamaliza. Hakurudi Duluth ila kupimwa, na daktari alimsikiliza kifua akasema neno moja, safi.

Lempi alikuwa anayasikia hayo kwa Hildur. Mwenyewe hakwenda. Kila akifikiria kwenda alikumbuka kile kijikaratasi, akaona hawezi kukaa kwenye kiti cha watu wale akishukuriwa kwa kuzima moto aliouwasha mwenyewe. Na Cody alikuwa anamshukuru kila akimwona, dukani, posta, mpaka kwenye foleni ya benki mbele za watu. Ilimkera. Ilimkosesha hata hamu ya kufuma.

Aprili waliwasilisha hesabu. Walidaiwa dola mia tisa na sita, wakalipa, na mahali pa faini pakaandikwa sifuri. Cody alimpigia simu Lempi akamsomea ile sifuri kana kwamba ni matokeo ya mpira. Lempi alikata simu, akavaa viatu vyake vya mpira kwa ajili ya tope la theluji inayoyeyuka, akaenda. Ilikuwa Jumanne. Marit alikuwa jikoni na Eino sakafuni, ana mwaka mmoja na wiki chache, anagonga sufuria kwa kijiko cha mbao.

"Nimekuja kusema jambo," Lempi alisema kabla hajakaa. "Kila mzazi mpya nilikuwa namwekea kijikaratasi cha kumwambia mtoto aandikwe na mmoja tu. Nyinyi niliwasahau. Ile bahasha ilikwenda bila kijikaratasi. Mmehangaika mwaka mzima kwa kosa langu, na mumeo ananishukuru mpaka naona haya. Basi. Nimesema."

Marit aliacha kukausha kikombe.

"Kaa, mama Lempi."

"Nimesimama vizuri."

"Kaa."

Akakaa. Marit naye akavuta kiti.

"Kijikaratasi chako kisingesaidia," alisema. "Ile bahasha ilipofika mimi nilikuwa nimekwisha kujaza yangu. Ilikuwa siku ya nne. Cody alikuwa amelala kwenye kiti. Daktari alitwambia tusihesabu siku bado, twende saa kwa saa. Hawakutaka kusema kama atabaki. Mimi nilifungua simu, nikaingia kwenye mambo ya kazini kwetu, nikatafuta ile fomu. Pale wanauliza una watoto wangapi. Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hivyo, mama. Wote walikuwa wananiuliza najisikiaje." Aliweka kikombe mezani. "Nikaandika mmoja. Hata ungeniandikia kwa herufi nyekundu kwamba nimwachie Cody, nisingemwachia."

"Na Cody?"

"Cody aliandika siku mbili baadaye, kule korido, kwenye fomu yako. Hatukuambiana mpaka Desemba."

"Sasa kwa nini msiambiane? Mlikuwa chumba kimoja."

"Kila mtu aliogopa mwenzake atasema amewahi mno kumhesabu."

Eino alikuwa ameacha sufuria, amekuja kwa magoti mpaka kwenye kiti, ameshika soksi ya Lempi na anajivuta asimame. Alisimama. Aliyumba, akaegemea goti la Lempi, mzito kuliko alivyomdhania. Lempi aliweka mkono nyuma ya mgongo ule mdogo asianguke, akausikia unapanda na kushuka kwa pumzi, bila kukwaruza, na moyo wake ukajaa shukrani mpaka akalazimika kutazama dirishani.

Baadaye, kwa sababu miaka thelathini na mmoja si mchezo, aliuliza, "Na fomu za mwaka huu? Kaandika nani?"

"Cody," Marit alisema. "Nimemwachia. Mimi ninaye hapa."